Grupu la Kumzika Mama Nyamoita

Huku kwetu mtu akifa, kabla hata mwili haujafika mochari, grupu la WhatsApp limeshafunguliwa. Hilo halina mjadala. Anatafutwa mtu mmoja mwenye simu nzuri na moyo wa kusumbuliwa, anafanywa admin, kazi yake ni kuingiza watu. Ndugu wanaingia, wakwe, majirani, wanakwaya, mwenye mahema, mwenye spika, waliosoma na marehemu, waliosoma na watoto wa marehemu, na wanasiasa nao, maana matanga bila mwanasiasa huku kwetu ni kama hayajafanyika. Marehemu anazikwa, watu wanakula, mahema yanang'olewa. Grupu linabaki. Hakuna anayejua kulizika grupu.

Nehemiah Ongeri alikuwa admin wa grupu la kumzika mama yake mzazi, Mama Nyamoita, pale mlimani upande wa Manga. Alikuwa pia mwenyekiti wa kituo cha kununulia majani chai na mzee wa kanisa la Wasabato, mtu wa kunyoosha kola kabla ya kusalimia. Mazishi yalikwenda vizuri, kila mtu alisema, na sifa zile zilimpanda kichwani kidogo. Alianza kutembea kama mtu aliyepewa gari la serikali, kumbe ni uadmin tu.

Kaburi likiwa bado bichi, korti ikafuta ushindi wa mwakilishi wa wadi yetu, na uchaguzi mdogo ukatangazwa. Jasper Nyabuto, daktari wa mifugo, binamu yake Nehemiah, akasema kiti hicho ni cha ukoo wao na yeye ndiye atakayekikalia.

"Grupu si liko?" Jasper alimwambia wakiwa wamesimama sokoni Ikonge, mbele ya duka la mbolea. "Watu wote wako ndani. Tuhangaike na nini?"

Nehemiah akatoa simu palepale. Akafuta "Mazishi ya Mama Nyamoita", akaandika "Jasper Tosha". Akaondoa picha ya mama yake, ile amefunga kitambaa cheupe cha kanisani, akaweka ya Jasper na tai nyekundu. Hakutumia hata dakika mbili.

Jioni mkewe, Mokeira, alimpokea mlangoni na simu mkononi.

"Baba Nyakerario, hata nyasi hazijaota pale juu ya kaburi. Si ungefungua grupu lingine?"

"Lingine nitawatoa wapi watu? Hawa wameshaingia."

"Waliingia kuzika."

"Ndio haohao watakaopiga kura, mama. Usinichoshe."

Mokeira akaguna, akarudi jikoni. Hakuwa mtu wa kurudia neno.

Sasa hapa lazima nieleze jambo moja, ndipo mengine yaeleweke. Huku hatuoi ndani ya ukoo wetu. Mwiko. Kila mji una mama aliyetoka kwingine, na kwa hiyo kila uchaguzi unaingia nyumbani kwa mlango wa jikoni. Mokeira alitoka ng'ambo ya mto. Majina ya koo hizi mbili nayaacha makusudi: anayekaa hapa anayajua, na asiyekaa hapa hayamhusu. Aliyesimama kushindana na Jasper aliitwa Mathew Nyasani, naye alitoka hukohuko ng'ambo, mtoto wa baba mdogo wa Mokeira. Kwa hesabu zetu huyo ni kaka yake kabisa, na kwa Nehemiah ni shemeji wa kuheshimiwa.

Lakini Mokeira huyu ndiye aliyemuuguza Mama Nyamoita mpaka mwisho. Alimlisha kwa kijiko, akamgeuza kitandani, akamwosha, na mama mzee alikata roho akiwa amemshika yeye mkono, si wanawe. Katika miaka yote ya ndoa Nehemiah hakuwahi kumshuku kwa lolote, na Mokeira hakuwahi kumpa sababu. Wako watu wenye ng'ombe wa gredi na nyumba za ghorofa hawana kitu kama hicho. Nehemiah alikuwa nacho, na ndicho alichokwenda kukichezea.

Grupu liliwaka moto. Asubuhi ukiamka unakuta jumbe hazisomeki kwa wingi. "Jasper tosha." "Kura ya ukoo ni moja." "Ng'ambo watajua hawajui." Vidole gumba, mikono ya maombi, moto, simba. Ijumaa jua likizama kimya kinaingia, maana wengi ni Wasabato na siasa haiguswi siku ya Bwana, lakini Jumamosi jua likigusa mlima tu, simu zinaanza kutetemeka mezani kama zilikuwa zimefungwa kamba. Mwenye kelele kuliko wote alikuwa Mose, mdogo wake Nehemiah, anayeuza mabati huko Nyamarambe. Mose hakuwa na kura kwetu, alijiandikisha hukohuko, lakini ungemsoma ungesema atapiga kura mia peke yake.

Nehemiah alizisoma jumbe zile akanenepa. Jasper naye akazisoma, akaanza kupunguza safari. Ukimwambia twende kwa fulani tukamsalimie, anakuonyesha simu. "Huyu ameshaweka kidole, mzee. Huyu ni wetu. Tusipoteze mafuta."

Tatizo lilianza na akina mama wa kanisa. Grupu liliandika kwamba Jumapili Jasper atakutana nao uwanjani, awape salamu. Jasper alipofika aliwakuta wakikunja mikeka. Nyasani alikuwa amepita asubuhi, ameshasalimia, ameshaomba, ameshaondoka.

Nehemiah akasema ni bahati mbaya. Kisha ikaja ya pili, na hiyo haikuwa bahati. Kulikuwa na lawama juu ya Jasper kwamba ugonjwa wa miguu na midomo ulipowapiga ng'ombe, yeye daktari hakuonekana. Grupu lilikaa likajadili jinsi ya kujibu, watu wakatoa maneno, mmoja akaandika, "Semeni alikuwa anatafuta chanjo Nairobi, hakuna atakayefuatilia." Kesho yake Nyasani alisimama juu ya pikapu sokoni na kipaza sauti. "Watakuja kuwaambia alikuwa Nairobi anatafuta chanjo," akasema. "Wanasema hakuna atakayefuatilia. Mimi nawaomba mfuatilie!" Soko zima likacheka.

Nehemiah alikuwa palepale karibu na wauza viazi. Masikio yalimwaka moto. Yalikuwa maneno ya grupu, neno kwa neno.

"Kuna mtu anakula kwetu na kulala ng'ambo," Jasper alimwambia, macho yamemtoka. "Na wewe ndiye admin. Mtafute."

Basi Nehemiah akageuka askari. Alikuwa akisoma jumbe na kujiuliza, huyu kwa nini hajaandika tangu juzi? Na huyu, mbona anaweka vidole gumba tu bila maneno? Aliyenyamaza alimtilia shaka, aliyeandika sana alimtilia shaka zaidi. Mle ndani kulikuwa na namba kibao zisizo na jina, za tangu matanga, lakini hizo hakuzipa hata jicho. Hakuna anayeogopa namba. Alikuwa akitafuta sura anayoijua.

Mose ndiye aliyeandika kile ambacho wengi walikuwa wakikifikiria. "Wazee, heshima kwenu. Lakini mabinti wa ng'ambo walioolewa kwetu wanafanya nini humu? Mtu atamnyima kaka yake siri?"

Vidole gumba vilimiminika. Hakuna mwanamume aliyeuliza kama mama huyo anayesemwa ndiye anayempikia. Nehemiah, kwa mkono wake, akaanza kuwatoa. Alianza na Bonareri, mke wa jirani yake, yule aliyesimamia chai ya matanga siku zote na kuimba mpaka sauti ikakauka. "Nehemiah amemwondoa Bonareri." Kila mtu aliliona andiko hilo dogo. Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka wakaisha. Hakuna aliyepigiwa simu kwanza. Hakuna aliyeambiwa kwa nini.

Wote isipokuwa mmoja. Alimwacha Mokeira.

"Huyu wangu namjua," alijisemea. Na bado, usiku uleule wa kujisemea hivyo, alianza kumchunguza.

Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kukaa na mwenzake miaka na asimwone, halafu wiki moja akamwona kupita kiasi. Mokeira akicheka na simu, anacheka na nani? Akiipindua simu uso chini mezani, anaficha nini? Alienda kumsalimia mama yake ng'ambo, akakaa mpaka saa kumi. Kwani salamu inachukua siku nzima? Zamani alikuwa akikaa hata siku mbili na Nehemiah hakuwa na habari.

Alasiri moja alikuwa akitoka kukata majani ya ng'ombe, akamsikia mkewe nyuma ya migomba. Alikuwa anaongea kwa simu, sauti ya chini. Nehemiah akasimama. Mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kituo, amejibanza kwenye mgomba kama mwizi wa ndizi! Maneno mengi hayakumfikia. Ya mwisho yalimfikia vizuri sana.

"...na usimwambie mtu kwamba tumeongea. Sitaki maneno nyumbani kwangu."

Mokeira akakata simu. Nehemiah akasubiri, akazunguka, akaingia kwa mlango wa mbele akipiga mluzi.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Mtu wa nyumbani," Mokeira akasema, akaendelea kumenya ndizi.

"Mtu gani wa nyumbani?"

Mokeira alimwangalia. "Baba Nyakerario, una nini siku hizi? Hata chakula unakula ukinikodolea macho."

"Si kitu."

Lakini kilikuwa kitu, na kilishamkaa kifuani.

Wiki ya mwisho Jasper alipanga mkutano mkubwa pale kituo cha majani, siku ya kupima chai, wakulima wote wakiwepo. Ulitangazwa ndani ya grupu tu, asubuhi ileile, kwa tahadhari. "Hakuna kuambia mtu nje," aliandika Nehemiah kwa herufi kubwa. Mabinti wa ng'ambo hawakuwamo tena. Siri ingevuja kwa nani?

Saa nane wakafika na spika. Pikapu ya Nyasani ilikuwa imeegeshwa kando ya mizani, naye mwenyewe amekunja mikono ya shati, anamsaidia mama mmoja kunyanyua kikapu cha majani. Alimpungia Nehemiah mkono. "Shemeji! Karibu, karibu."

Karibu! Kwenye kituo chake mwenyewe!

Hata hakuwa ametoka pale simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Mose ndiye aliyeandika. "Tumewatoa wote, siri bado inatoka. Amebaki mmoja tu. Admin, fagia kwako kwanza." Kidole gumba kimoja. Viwili. Kisha vikaja kama mvua ya mawe. Mtu wa Nairobi akaandika, "Admin anatuchezea." Mwingine, ambaye Nehemiah alimlipia karo akiwa mdogo, akaandika, "Labda hata yeye ameshanunuliwa."

Jasper hakuandika neno. Alimtazama tu Nehemiah, pale katikati ya watu, kisha akatazama chini. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Aliingia nyumbani akiwa ameshaamua. Mokeira alikuwa anakoroga ugali, mgongo kwake, simu yake juu ya kabati. Nehemiah akaketi. Aliona aibu, na kwa sababu aliona aibu akakasirika, na kwa sababu alikasirika akabonyeza. Simu ya juu ya kabati haikutoa sauti yoyote. WhatsApp haimwambii mtu kwamba ametolewa. Inamwachia ajionee mwenyewe.

Walikula. Baadaye Mokeira akachukua simu, akaiangalia kwa muda mrefu.

"Umenitoa," akasema.

"Ni mambo ya siasa tu, mama. Baada ya uchaguzi nitakurudisha."

"Umenitoa kwenye mazishi ya mama."

"Si mazishi tena, Mokeira, nimeshakwambia ni..."

"Mimi ndiye niliyemwosha, Nehemiah." Alimwita kwa jina lake. Hakuwa amewahi. "Wakati ninyi wanaume mmekaa nje mnachagua rangi ya mahema, mimi nilikuwa ndani namwosha. Unafikiri nimekufanyia nini?"

Angekuwa na akili angesema hapo. Angesema, nilikusikia nyuma ya migomba, niambie ulikuwa unaongea na nani. Mwanamke angemjibu na mambo yangeisha. Lakini mwanamume akishajibanza nyuma ya mgomba, atakirije? Akasukuma sahani yake pembeni. Mokeira naye akachukua sahani, akaziosha moja moja, akazipanga, akaenda kulala. Hakulia, na Nehemiah akachukulia kwamba asiyelia ana hatia.

Grupu lilimsifu. "Sasa huyo ni kiongozi." "Admin chuma." Mose akaweka simba watatu. Nehemiah alizisoma jumbe zile mara nyingi, akitafuta utamu, asiupate.

Siku ya kura mvua ilitulia mapema. Foleni pale shule ya msingi ilianzia mlangoni ikashuka mpaka kwenye barabara. Nehemiah alisimama kando, kola imenyooka, akisalimia. Mokeira alikuwa ametoka nyumbani kabla yake, peke yake, ameshapiga kura na kwenda zake. Bonareri na wenzake walikuwa wamepanga foleni pamoja, leso mabegani, wanaongea kwa sauti ya kawaida juu ya bei ya sukari. Aliwasalimia kwa tahadhari, wakamwitikia vizuri kabisa. Wakamuuliza ng'ombe wameamkaje. Moyo ukamtulia. "Unaona," alimwambia Jasper, "hata hawana kinyongo."

Jasper alikuwa anasoma simu. Ndani ya grupu ushindi ulikuwa umeshatangazwa tangu saa nne asubuhi.

Kesho yake matokeo yakasomwa. Nyasani alikuwa mbele, na si ng'ambo tu. Alikuwa mbele pale kwetu, katika shule yetu, kwenye sanduku la ukoo wetu wenyewe. Wakala wa Jasper alihesabu akarudia, jasho linamtoka. Hakukuwa na mtu wa kumlaumu. Wizi ungetokea wapi, wakati makarani ni watoto wetu na sanduku halikutoka machoni petu?

Grupu likalipuka. "Tumeibiwa!" "Twende korti!" Kisha mtu akauliza swali la maana, la kwanza tangu kampeni ianze: "Kwani wale waliokuwa wanaweka vidole gumba walipiga kura wapi?" Wa Nairobi akanyamaza. Wa Qatar akanyamaza. Mose wa Nyamarambe, ajabu ya Mungu, akanyamaza pia.

Katikati ya kimya hicho ikaingia sauti iliyorekodiwa. Ilitoka kwa namba isiyo na jina, moja ya zile namba kibao, haikuwa imewahi kuandika chochote. Nehemiah alikuwa kituoni, wakulima wamemzunguka. Akabonyeza bila kufikiri, na sauti ikatoka mbele ya wote.

"Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Ni mimi Mathew Nyasani."

Mtu mmoja aliangusha kikapu.

"Najua mtashtuka. Sikujipenyeza humu, naapa. Mliniingiza wenyewe siku Mama Nyamoita alipofariki. Nilikuja nikatoa pole yangu, shemeji Nehemiah akachukua namba yangu kwa mkono wake, na tangu hapo niko. Nilingoja mniondoe mlipobadilisha jina. Hamkuniondoa. Mtu akiongea mbele yako utaziba masikio?"

Akakohoa kidogo.

"Lakini nina neno moja, nalisema kwa heshima. Hawa dada zetu mliowaoa, mimi nilikuwa nimewakosa. Niliwapigia simu mmoja mmoja. Bonareri alinikatia katikati ya sentensi. Dada yangu Mokeira aliniambia yeye hupiga kura alikoolewa, nisimpigie tena, na nisimwambie mtu kwamba tumeongea, hataki maneno nyumbani kwake. Mnisamehe kwa kulisema leo. Nilishajua kura hizo ni za Jasper. Na wakati huohuo nikawa nasoma humu mnavyowatoa, mmoja baada ya mwingine, nikasema, Mungu wangu, hawa watu wananifanyia kampeni! Bonareri alinipigia mwenyewe, nami sikumtafuta. Akaniambia wenzake wako naye, na waume zao wengine pia, wale ambao hawakupenda lakini waliogopa kuandika. Basi asanteni. Na poleni tena kwa mama. Alikuwa mtu mzuri."

Chini yake kikatokea kimstari kidogo: ameondoka kwenye grupu. Alijitoa mwenyewe, kistaarabu, jinsi mgeni anavyoaga.

Nehemiah aliishusha simu. Wakulima walikuwa wakitazama mizani, majani, miti, popote pale isipokuwa usoni pake. Neno lililokuwa likimzunguka kichwani halikuwa la Bonareri wala la kura. Ni lile la nyuma ya migomba. Usimwambie mtu kwamba tumeongea. Alikuwa amelisikia kwa masikio yake, na alikuwa amelisikia sawasawa. Mke wake alikuwa akimfungia mlango kaka yake mwenyewe, kwa ajili ya nyumba yao, naye amesimama pale na majani ya ng'ombe begani anamhesabia makosa. Machozi yalimlenga, akajifanya anafuta vumbi.

Aliacha kituo wazi, akashuka njia ya shambani. Kila hatua alikuwa akilipanga neno. Nisamehe, mama. Nimekosa. Nilikutilia shaka na hukustahili. Alilipanga kwa Ekegusii, ndiyo lugha waliyotongozana nayo, waliyogombana nayo, waliyomlilia mama nayo. Katika nyumba ile haikuwahi kutumika nyingine.

Mokeira alikuwa katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni, vidole vinachuma bila yeye kuvitazama. Alimwona anakuja, akaendelea kuchuma.

"Mokeira."

"Nimesikia," akasema. "Bonareri ameshanipigia. Ameniwekea ile sauti yote."

Basi neno lilikuwa pale mdomoni, limeiva, ni kulitoa tu. Lakini kile kidudu alichokilisha wiki zote zile hakikuwa kimekufa. Nyasani alisema Mokeira hupiga kura alikoolewa. Lakini hayo aliyasema kabla ya kutolewa. Na baada ya kutolewa? Siku ile ya kura ametoka asubuhi mapema, peke yake, bila kuaga. Wale wengine wote walihama. Naye?

"Na wewe," Nehemiah akajisikia anauliza, na alipojisikia alitamani ardhi immeze, "wewe ulimpa nani?"

Mikono ya Mokeira ikasimama. Alinyooka polepole, akamtazama mumewe kwa muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikomwona. Kisha akamjibu kwa Kiswahili. Kiswahili safi cha darasani, kile tunachomjibia karani wa benki na mgeni aliyepotea njia.

"Kura ni siri, bwana admin."

Akainama, akaendelea kuchuma.

Tangu siku hiyo chakula anapewa, na shati la Sabato linapigwa pasi. Msamaha ameshauomba, kwa Ekegusii, kwa magoti, hata mbele ya mchungaji, na ameambiwa, "Haya, nimesikia, asante." Kwa Kiswahili. Grupu amelirudishia jina la mama yake na picha ya kitambaa cheupe, akamtumia Mokeira mwaliko wa kurudi, na mwaliko huo haujaguswa. Amemuuliza dada wa Mokeira, amemuuliza Bonareri, amemzungusha hata binti yake Nyakerario kwa simu. Wote wanamwambia amuulize mwenyewe.

Hakuna anayejua ila Mokeira. Na Nehemiah, kila anapomwona ameinama kwenye chai, bado anamshuku.